Mlenda wa Konokono, Mbegu za Samoni

Mimi uso wangu ni maji na sabuni tu, na nitazeeka kwa heshima. Nilimtambia hivyo dada yangu Bokyung, muuza vipodozi hapa mjini Daegu, Korea Kusini, alipotua chupa mbili kando ya supu yangu.

"Huu ute wa konokono unalainisha ngozi juu juu," akasema. "Hii ya samaki samoni inashuka mpaka kwenye seli. Makunyanzi yanakimbia yenyewe."

"Samoni sehemu gani?"

"Mbegu za dume."

Nikatua kijiko. "Dada, unatafuta ujana au mimba ya samaki?"

Alipokwenda kuoga, nikajitazama kwenye kioo. Kesho nina usaili wa kazi, nikishindana na vijana wa miaka ishirini na tatu. Mimi, thelathini na mbili, macho yameshaota mikunjo.

Nikapaka konokono. Ute ukavutika kutoka kidoleni hadi puani kama mlenda uliolala. Juu juu hakutoshi. Nikafungua samoni.

Tone likateleza shavuni, likaingia mdomoni, baridi, zito kama kamasi. Nikabana midomo, maana kulitema ni hasara.

"Meza tu, mdogo wangu," akasema dada mlangoni, taulo kichwani. "Hata tumboni kuna seli."