Kadi ya Wakubwa

"Mzee Msellem, kompyuta ya vipimo huko Pemba imeganda, na mie huku Unguja naona kioo cheusi tu," fundi alimwambia mlinzi wa kliniki simuni. "Picha yote yakwenda kwenye ile kadi mpya ya picha iliyomo ndani yake. Ichomoe, picha inifikie, niitengeneze kompyuta."

Kadi ilikuwa ingali na utepe wa uzinduzi. Nje, mgonjwa aligumia. Marehemu mkewe Msellem naye aliwahi kugumia pale pale mpaka akakata roho, wakubwa wakitafutana nani atoe ruhusa.

"Mkuu wa kliniki kakataza isiguswe!" nesi alimaka.

"Na aje anizuie," Msellem alijibu.

Akazima umeme, akafungua kompyuta, akapiga Bismillahi, akakisukuma kibanio cha kadi kwa kidole gumba kama achambuaye karafuu. Kadi ikatoka. Akawasha.

"Haya mwanangu, waona?"

"Naona, baba! Ngoja kidogo... tayari, vipimo vyafunguka!"

Msellem akampa nesi kadi na utepe wake. "Mpelekee mkuu wako. Mwambie mgonjwa kaingia."