Firigisi Moja

Siku tisa Bi Sikudhani alikuwa akiwabembeleza majemadari wawili wasipigane, huku majeshi yao yakisubiri nje ya mji, kila moja upande wake wa mto. Siku ya kumi, zikiwa zimebaki sahihi za mapatano tu, mpishi akaleta sinia la wali na kuku mmoja. Kuku mmoja ana firigisi moja, na firigisi hupewa mkubwa wa shughuli.

"Mkubwa ni nani hapa, mama?" akauliza Jemadari Kitwana, sauti tamu kama ya bwana harusi.

"Usimsumbue bibi wa watu," akamjibu Jemadari Mwinyikombo. "Mkubwa unamtazama."

Bi Sikudhani akaitazama firigisi. Angeila yeye, angewatukana wote wawili.

Kitwana akachomoa jambia. Walinzi wakashika panga zao. Lakini jambia lile, lililokwisha kuua watu, likaishukia firigisi polepole na kuikata katikati, kwa uangalifu wa fundi cherehani.

Mwinyikombo akainama, akavipima vipande kwa jicho, akanyoosha mkono. Vidole vyake vikasimama juu ya kile kilichokuwa kidogo kwa unywele, na kikubwa akamwachia Kitwana.