Hadithi Isiyo na Sungura

Darasa zima tulikubaliana kwamba leo hatumwitikii.

"Hadithi! Hadithi!" aliita mwalimu wa Kiswahili.

Tukanyamaza. Na huku kwetu, hadithi isipoitikiwa haianzi.

Aliita tena huku akigonga meza kwa fimbo. "Mnajifanya mmemchoka sungura?"

"Tumemchoka," alisema Tusekile.

"Basi njoo usimulie wewe, mwenye domo!"

Tusekile alitoka mbele pekupeku. Tope la majaruba ya mpunga lilikuwa limemkaukia hadi magotini.

"Hadithi! Hadithi!"

"Hadithi njoo!" Tulipaza sauti mpaka mabati yakatetemeka.

"Palikuwa na mwalimu mwenye shamba la mpunga kule Songwe. Ndege walipouvamia, akawa anatoa watoto darasani wakawafukuze. Leo darasa hili, kesho lile. Aliyegoma alichapwa."

Hakuna aliyepiga miayo.

"Kaa chini!" Mwalimu aliubamiza mlango, akamjia Tusekile na fimbo juu.

Tusekile hakukaa. Aliugeukia ukuta unaotutenganisha na darasa la sita, akaita kwa nguvu zake zote.

"Hadithi! Hadithi!"

Sisi tulikuwa bado hatujafungua midomo. Ng'ambo ya ukuta, darasa la sita likaitikia.