Neno Lililokatwa Kwenye Kifungu cha Nne

"Soma tena," Tunu alisema, "na usimung'unye maneno."

Mzee Gaudens, mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha mtaa wao wa Kiwalani, akavaa miwani. Katiba ya chama ilikuwa daftari la shule lenye jalada la plastiki. "Kifungu cha nne. Kila mwanachama na mtoto wake ana haki ya kuzikwa na chama."

"Hapo ndipo tulipoanzia. Endelea."

"Isipokuwa mwizi aliyehukumiwa na mahakama."

"Hilo 'aliyehukumiwa na mahakama' mbona limepigwa kalamu nyekundu?"

"Tulilikata mwaka uliofuata. Kesi zilikuwa zinachelewa." Akakohoa. "Kwa hiyo siku hizi hata tuhuma inatosha. Ndivyo tunavyokitafsiri."

Watu waliojaa barazani wakatazama chini. Farida, aliyekileta kifungu hicho na kukipigia debe nyumba kwa nyumba, alikuwa kajibanza ukutani, kanga usoni.

Tunu alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana. Suleiman, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amelazwa ndani, maiti, akisubiri kaburi ambalo halijachimbwa. Umati ulimchoma kwa tairi kule Ubungo, ukidai kaiba simu ambayo baadaye ilionekana kwenye mkoba wa mwenye simu.

"Hata katiba ya nchi inasema mtu hana kosa mpaka mahakama iseme," alisema. "Nyie hakimu wenu nani, tairi?"

"Bi Tunu, uchungu wako tunaujua."

"Hamuujui. Mngeujua msingekaa hapa na daftari, maiti iko ndani. Mlidhani mnamkatia neno mtoto wa mwenzenu. Una wana watatu, mzee, na wote wanapitaga Ubungo."

Mzee Gaudens akavua miwani.

Bakari, mchimba kaburi, ndiye aliyeinuka kwanza, sepetu mkononi. "Mie nakwenda kuchimba. Anayetaka kunifuta uanachama anifute." Ndipo mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, mingine kwa aibu, mpaka ile "isipokuwa" yote ikafutwa.

Vijana wakatoka kwenda kubeba jeneza. Tunu akavuka baraza, akamshika Farida mkono na kumvuta kutoka ukutani.

"Inuka ukamuage mwanao," alimwambia. "Wangu mie alikwenda makaburini kwenye mkokoteni wa maji, kwa kifungu chako hikihiki."