Kiti cha Sengo

Usigeuze uso, umemwona. Kila Ijumaa Bi Mashavu huliendesha Pijo, gari la marehemu mumewe, Sengo, mpaka sokoni na kurudi, injini isije ikalala moja kwa moja. Kiti hajawahi kukisogeza. Kimebaki pale pale kwa urefu wa miguu ya Sengo, naye hujiwekea mto mgongoni ili aifikie klachi.

Leo gari limezimika mbele ya kibanda cha kahawa, betri imekufa, na bwana wa halmashauri amekwisha kuita gari la kuvuta.

"Bibi, gari lisilotembea ni chuma chakavu."

"Chuma chakavu ni wewe, mwanangu. Mama yako alikimbizwa hospitali kwenye kiti hicho cha nyuma, kwenda kukuzaa, na Sengo alipiga honi njia nzima."

Bwana akatazama viatu vyake. Nyie wa kahawani mkatazama vikombe, na wengi wenu mmezaliwa kwa honi hiyo hiyo.

Gari la kuvuta linakata kona. Bi Mashavu ameegemea mto, ametia gia ya pili, na mkono mmoja unapapasa ukingo wa kiti kana kwamba unatafuta mkono mwingine. Mteremko uko hatua kumi tu mbele yake.

Weka kikombe chini. Njoo usukume!