Pete Haiguswi na Chuma

"Toa mdomo wako hapo, mimi ndiye mkubwa!"

"Mkubwa wa nini? Baba alikuambia lini kwamba..."

"Aniambie nini, wakati nimezaliwa kabla yako?"

"Ulitangulia wewe, akili ikachelewa!"

Gontrani na mdogo wake Odoni walikuwa wakifokeana hivyo, mmoja kila upande wa kitanda, maiti ya baba yao katikati. Katika jimbo lile pete ya mtawala aliyekufa ilivuliwa kwa meno. Chuma hakikuruhusiwa kuigusa, na aliyeivua ndiye aliyetawala. Shida ni kwamba kidole cha mzee kilikuwa kimevimba kama soseji, na pete imezama nyamani.

Gontrani akamsukuma mdogo wake, akapiga magoti, akakitia kidole chote mdomoni na kung'ata kwa nguvu zake zote. Mfupa ukasikika ukivunjika.

Odoni akanywea. Pete ikitoka tu, yeye ni wa kutupwa gerezani kabla hata ya mazishi, kama baba yao alivyomtupa ndugu yake mwenyewe, akaozea humo. Akabaki kuitazama damu ikichuruzika shukani, nyekundu, ya moto, inatoa mvuke. Hivi tangu lini maiti ikatoka damu namna ile?

Mzee akafumbua jicho moja. Gontrani akaganda, kidole bado kiko mdomoni.

"Hebu mpishe mdogo wako, mwanangu," mzee akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Naye nimwone anavyong'ata."