Mbavu za Nguchiro

Zamani, wanyama walipokuwa na gereza lao, Nguchiro alifungwa kwa kula mayai ya Kanga. Alipotoka, Korongo aliwekwa kumchunguza, aseme kama atarudia wizi. Korongo alikuwa na kipimo kimoja, alichorithi kwa babu yake: alipapasa mbavu. Zikionekana, mwenyewe ana njaa, na mwenye njaa huiba.

"Simama wima, bwana mkubwa. Lo! Mbavu zote ziko nje!"

"Ni chakula cha gereza, mzee. Niruhusu niende kwenye kichuguu nile mchwa. Mayai nimeyaacha."

"Kichuguu kiko karibu na kiota cha Kanga. Wa hatari kama wewe hapiti huko."

Juma lililofuata mbavu zilizidi kuchomoza, na Korongo akamkataza hata bonde la panzi.

"Mzee, utaniua."

"Hatari yako inapanda, mwanangu. Kipimo hakisemi uongo."

Asubuhi moja Nguchiro alikutwa amekufa njiani, mbele kidogo ya kiota cha Kanga, uso umeelekea kwenye kichuguu.

"Sikuwaambia?" Korongo akapaza sauti. "Alikuja kuiba!"

Kanga alifunua majani ya kiota. Mayai yote yalikuwapo.

"Nilikuwa kisimani, mzee. Hapakuwa na mlinzi. Amepita hapa na njaa yake, hakugusa hata moja. Wewe ungepita?"

Korongo aliyatazama mayai, akameza mate.